Kovu Lisilo na Siku Yake

Bi Rukia, mwalimu wangu,

Sabalkheri. U hali gani huko uliko? Wenyeji wako je, hawajambo? Mimi ni mzima, na mama yangu ni mzima, lile goti lake bado lamsumbua lakini anatembea. Unaona? Nimeanza na salamu na nimezimaliza. Ningeingia na habari zangu moja kwa moja ungenitazama juu ya miwani uniulize, "Kwani tumelala pamoja, Mwende?" Na mimi Mkamba wa mtaa wa Buxton ningerudi mlangoni niingie upya, kama ulivyonifanya wiki yangu ya kwanza mbele ya wagonjwa waliojaa benchi zima. Niliona haya siku ile, wewe! Nilikuchukia kidogo pia. Nakwambia leo kwa sababu huwezi tena kunifukuza kazi.

Sikuandikii kulia. Kulia nilishalia, na mengi ya machozi hayo niliyamwaga nyumbani kwenu siku za matanga, nimekaa mkekani na wanawake wa kwenu, wananipa pole mimi kana kwamba ni mimi niliyezaliwa nawe. Dada yako alinifunga leso kichwani kwa mikono yake akanambia nisione ugeni. Sikuuona.

Nakuandikia kwa sababu nimeliona, Bi Rukia. Lile ulilonambia huenda nikazeeka nisilione, na nikiliona huenda nisilijue. Nimeliona, nikalijua. Ngoja basi nikueleze taratibu, maana nikienda mbio nitaharibu.

Kwanza za mjini. Kliniki yetu ya ngozi ya Makadara iko pale pale ghorofani, ila wameipaka rangi ya maziwa na ngazi zimetiwa vyuma vya kushikia, kwa hiyo wazee hawapandi tena wakipapasa ukuta na kututukana. Mkahawa wa chini umepata mpishi mpya. Mahamri yake yana iliki mpaka unakohoa, lakini mbaazi, nasema kweli, zimekuwa nzuri kuliko za zamani, usinikasirikie. Nyumba zetu za zamani za Buxton zimebomolewa, ghorofa ndefu zimesimama, na mama yangu sasa akitaka kumsengenya jirani inambidi apande lifti. Kiti chako nakikalia mimi. Mwanzoni sikuweza. Nilikuwa nikiketi kwenye kile kigoda cha mwanafunzi, mgonjwa ananitazama, mimi natazama kiti kitupu, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama daktari amekwenda msalani. Siku hiyo nikahamia.

Beseni lako la bluu lipo, na vile vitambaa vyako vya pamba navifua mwenyewe. Desturi yako sijaivunja hata siku moja: kila anayeingia aoshwe uso, hata kama kilichomleta ni ukucha wa mguu. Nakumbuka nilivyokuwa nikinung'unika. Foleni imefika kwenye ngazi, jua kali, watu wanajipepea kwa kadi zao, na wewe umekaa unamfuta bibi wa watu uso kwa maji ya uvuguvugu, polepole, kama mtoto aliyetoka kulala. Nikanong'ona kwamba unatupotezea wakati. Ukanisikia. Ulikuwa husikii simu ikilia mezani lakini manung'uniko yangu uliyasikia yote. Ukanambia, bila kugeuka, "Hawa wanawake wetu wanakuja wamejipaka liwa ya msandali, na poda, na wanja, na juu yake ninja ya kuziba uso. Umemuona nani hapo? Umeiona liwa." Sikukubali, lakini nikaenda kubadilisha maji ya beseni.

Somo lenyewe ulinipa vipande vipande, na nadhani ulifanya kusudi. Ile saratani ya ngozi ya seli za msingi, inayoanzia chini kabisa ya ngozi ya juu, ulinifundisha kwanza kwa sura yake ya kawaida, kwa wale wenzetu wenye ualbino waliokuwa wakija Jumatano: kijipele kinachong'aa, ukingo wake umenyanyuka, katikati kidonda kinachojifanya kupona kisha kinarudi. Ulisema haina pupa ya kuua. Hukaa pale pale ilipo ikala taratibu, pua, sikio, jicho, miaka na miaka, na mwenyewe anasema kipele tu. Nilipoijua hiyo nikajiona nimemaliza. Ndipo ukacheka. "Hiyo yajulikana na kila mtu," ukasema. "Mimi nataka uwajue ndugu zake wasiofanana naye."

Na ukanionyesha mmoja mmoja, kila ilipopatikana bahati. Yule fundi wa boti wa Liwatoni, unamkumbuka, mwenye kidoti cheusi kwenye paji la uso ambacho mkewe alikisifu kuwa ni uzuri wa kuzaliwa nao? Nilikitazama nikaandika "baka la kuzaliwa". Ukaniita, "Ndoo uone kwa kioo." Kwenye kioo cha kukuzia weusi ule ulikuwa umemwagika ndani ya kitu kinachong'aa, ukingo wake kama punje ya pilipili manga iliyolowekwa. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo saratani, imevaa nguo nyeusi, na kwenye ngozi zetu za kahawia huvaa hivyo mara nyingi tu, na sisi tunaipita. Kisha yule mama mwenye kinyama laini kiunoni, cha rangi ya ngozi yake, ambacho yeyote angekiita kinyama tu akakikata kwa uzi. Hicho nacho kilikuwa mmoja wa wale ndugu, mpole kuliko wote.

Lakini kuna mmoja hukuwahi kunionyesha. Ulimuona zamani, ujana wako, na ukikumbuka ulikuwa unajishika shavu. Ule ugonjwa unaofanana na kovu. Hauna kipele, hauna kidonda, hautoki damu, hauumi. Baka jeupejeupe tu, gumu kidogo, linang'aa kama nta, ukingo wake hujui unaanzia wapi wala unaishia wapi, na chini ya ngozi umejitandaza mbali kuliko unavyoona kwa jicho. "Makovu yana siku zake, Mwende," ulinambia. "Mtu atakwambia hili nilianguka, hili nilichomwa, hili ng'ombe. Ukikuta kovu ambalo mwenyewe hajui lilimpata siku gani, kaa chini, uanze kuuliza upya." Nilikuitikia tu. Nilikuwa na njaa siku ile, nawaza viazi karai.

Basi sasa. Alikuja Bi Saumu.

Hamkujuana, nadhani, ingawa udi wake lazima umefukizwa nyumbani kwenu. Ni wa Mji wa Kale, mjane, anapika udi wa mawardi kwa ajili ya maharusi, na wenye kujua wanasema hakuna mwengine mjini. Alikuja na upele wa viganja, kwa sababu ya hayo manukato anayoyashika kutwa. Alifuatana na binti yake Nasra, msichana mpole anayekaribia kuolewa, na dada yake Bi Esha, ambaye si mpole na ndiye aliyejibu maswali yote. Namuuliza Bi Saumu wajikuna wapi, Bi Esha anajibu. Namuuliza jina, Bi Esha anajibu. Ungewapenda.

Nikatia maji beseni. Bi Esha akasema, "Ni viganja, si uso." Nikasema najua, bibi, lakini hapa ndivyo tulivyolelewa. Bi Saumu akavua ninja yake, akafumba macho, akaniachia uso wake. Liwa ikatoka, nzuri, inanukia. Na ilipotoka, chini ya jicho la kushoto, kati ya kope na pua, palikuwa na baka. Ukubwa wa ukucha wa gumba. Limelala bapa, rangi yake imefifia kuliko uso, linang'aa kidogo.

"Ah, hiyo ni shira," akasema Bi Esha.

Na kweli, Bi Rukia, nusura niseme haya basi. Udi wa mawardi unapikwa kwa shira ya sukari, na sukari ikitokota huruka, hilo hata mimi wa bara nalijua. Mikono ya Bi Saumu ina makovu ya shira kutoka viganjani mpaka viwikoni. Mpishi wa udi kuwa na kovu la shira, kuna ajabu gani? Kitambaa nilikuwa nimeshakirudisha begani. Ndipo nikaisikia sauti yako, si kwa mambo ya mashetani, naapa, ni kumbukumbu tu, lakini niliisikia na ile hasira yake, macho ukiyaita mato kama kawaida yako: "Mato yako yana haraka." Nikamgeuza Bi Saumu kuelekea dirishani, mwanga uje kwa ubavu. Nikaivuta ngozi kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha. Baka likazidi weupe, na vijishipa vyembamba vikajitokeza juu yake. Nikalipapasa. Lilikuwa gumu, na ugumu wenyewe ulipita pale baka lilipoonekana kuishia, ukaenda kuelekea kope.

Nikamuomba anionyeshe mikono yake tena. Nikamuuliza makovu yake, moja baada ya jengine. Lo, alifurahi! Hili ni siku ya harusi ya kaka yao, alipokuwa anapika huku anacheza. Hili ni siku umeme ulipokatika sufuria ikiwa mkononi. Hili Nasra alikuwa mchanga anatambaa, akaja kushika jiko, mama akaweka mkono wake mbele. Yote yana ukingo unaoweza kuufuata kwa ukucha, na yote yana siku yake. Nikauliza, na hili la usoni?

Wakagombana! Bi Esha anasema ni mwaka aliokufa baba yao. Nasra anasema hata kidogo, mimi nilikuwa shule, nilirudi nikaambiwa sufuria imepinduka. Bi Saumu anasema sufuria ilipopinduka ilimmwagikia mguuni, si usoni, na mguu huu hapa. Bi Esha akaapa. Nasra akaapa. Wakaniangalia mimi niamue, na mimi nimesimama na kitambaa chenye liwa begani. Shira inayotokota ikurukie chini ya jicho, upana wa kidole kutoka kwenye mboni, na asiwepo hata mmoja anayekumbuka siku? Ungepiga ukelele mtaa mzima ukaja!

Nikawaambia nataka kukata kipande nikipeleke maabara. Sikuwaficha sababu. Nasra akaanza kulia. Bi Esha akasema sherehe ya kupamba mtoto, ya kumtoa bibi harusi mbele ya wanawake, imekaribia, mama wa bibi harusi atakaa vipi mbele za watu uso umekatwa. Bi Saumu akafikiri, akakubali nusu. "Kiduchu tu," akasema. "Cha juu juu." Nikachukua kiduchu, cha juu juu, nilichoruhusiwa.

Majibu yakarudi. Hakuna dalili ya saratani, tishu ya kovu.

Walikuja wote na sinia la halua na kopo la udi, Bi Esha anapiga vigelegele tangu kwenye ngazi, wa mkahawani wakatoka kutazama kuna harusi gani juu. Akanikumbatia. Mimi yule yule aliyetaka kumkata dada yake! Nikacheka nao, nikala halua, nikasema alhamdulillahi kama ulivyonizoesha. Walipoondoka nikakaa kwenye kiti chako, na kipande cha halua kilichobaki nikakirudisha kwenye sinia.

Kwa sababu sikuamini. Vidole vyangu vilikuwa bado vinakumbuka ule ugumu. Na nilikumbuka maneno yako ya kila mara, uliyokuwa ukiyasema hata kwa madaktari vijana waliokuja na karatasi zao: "Majibu ya maabara ni ya kile kipande ulichopeleka. Mtu mwenyewe hayamjui." Aina ile hushuka chini kwa nyuzi nyembamba ndani ya nyama ngumu, na juu inaacha sura ya kovu. Mimi nilikuwa nimepeleka sura. Maabara wamenijibu kwa haki kabisa kuhusu sura.

Sasa nikwambie nililoliogopa, maana wewe sikufichi. Niliogopa watu. Karatasi inasema salama, familia inacheka, harusi iko mlangoni. Nikinyamaza, nani atanilaumu? Nikirudi nikamkata tena, zaidi, kwa kina, na nisikute kitu, kesho hakuna mwanamke wa Mji wa Kale atakayepanda zile ngazi. Watasema Bi Rukia alikufa na kliniki yake, amebaki Mkamba anachana watu nyuso. Na nilijua pia ugonjwa huu si wa mbio. Ningeweza kujiambia baada ya harusi. Lakini baada ya harusi kuna Ramadhani, kisha Idi, kisha Nasra atajaliwa mimba, kisha arubaini ya mtoto, na mtu aliyeshaambiwa hana kitu hana sababu ya kurudi. Wangeniacha na furaha yao, na jicho la Bi Saumu likaliwa taratibu ndani ya furaha hiyo hiyo.

Nikaenda kwao. Kwa miguu, Makadara mpaka ndani ya Mji wa Kale, nikijisemea njiani nitakachosema na kila kona nikikisahau. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, nguo za harusi zimetandazwa, Bi Saumu yuko jikoni na mwiko wake. Nikasalimu mmoja mmoja. Nikanywa kahawa. Nikauliza hali za watu nisiowajua. Ungeniona ungejisifu. Halafu nikamwambia Bi Saumu, mbele ya dada yake, kwamba nataka kukata tena, na safari hii nitaingia chini.

Bi Esha alisimama. "Umeambiwa hakuna! Wataka nini tena kwa dada yangu?" Na alikuwa na haki, sikumkasirikia. Nikajaribu kueleza habari ya kipande cha juu na nyuzi za chini, nikaikoroga, Kiswahili chenyewe kikanikimbia. Bi Saumu akaweka mwiko chini, akaufuta mkono wake kwa leso. Akaniuliza swali moja tu.

"Wewe mwenyewe, hayo majibu wayaamini?"

Nikasema, "La, Mama. Siyaamini."

"Basi kata," akasema. Akarudi kwenye udi wake, kwa sababu ulikuwa unataka kuungua.

Nilimkata asubuhi iliyofuata. Nilimpiga sindano ya ganzi, nikaingia chini pale palipokuwa pagumu zaidi, mbali na kope, nikatoa kipande kizima kinachofika kwenye mafuta, nikamshona nyuzi ndogo ndogo. Baadaye, nikiosha vyombo, nikavunja kile kikombe chako chenye waridi. Nisamehe kikombe.

Na kupamba alikwenda na plasta yake! Walinialika, Bi Rukia, mimi na mama yangu, tukakaa mbele. Nasra alipendeza mpaka watu wakasimama kumtazama. Bi Saumu akavua buibui, plasta nyeupe pee chini ya jicho, dhahabu shingoni, akacheza chakacha hata vijana wa kike wakampisha. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: amekatwa na tabibu wake, Mwende wa Bi Rukia, yule pale mwenye gauni la kijani. Loo! Nikapata kazi. Wakaja mmoja mmoja wananiletea nyuso zao zilizopakwa kila rangi, nitazame hiki, nipapase hiki. Nikawaambia njooni Makadara, na mje mmejitayarisha kuoshwa. Mama yangu alicheka mpaka akamwaga sharbati.

Majibu yalikuja baada ya harusi. Ndiyo yenyewe. Ile ile, ya sura ya kovu, imeandikwa na jina lake refu, na mtu wa maabara alinipigia simu mwenyewe kuniambia kwamba hajaiona kwa muda mrefu na hongera kwa kurudia. Nikafurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi, nikapiga meza kwa kiganja. Kisha nikakumbuka hiyo niliyoifurahia iko usoni mwa mtu, nikavaa viatu vyangu vizuri nikaenda kumwambia.

Alilia kidogo. Akauliza, "Jicho je?" Nikasema ndiyo maana tunakwenda sasa. Bi Esha alinyanyuka akaniletea maji ya kunywa, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza glasi.

Daktari wa upasuaji alifanya kazi yake kwa subira ambayo ungeiheshimu. Alikata, akangoja kingo zitazamwe kwa darubini, akakuta bado ipo upande mmoja, akakata tena kidogo, mpaka zikatoka safi pande zote. Akaziba kwa ngozi aliyoitoa nyuma ya sikio. Alinionyesha baadaye mahali ulipofika mzizi: chini ya kope, bado kidogo tu uingie tunduni mwa jicho. Juu ya ngozi hapo hapakuwa na alama yoyote. Ungelipita, ningelipita, angelipita yeyote anayetazama kwa macho matupu.

Sasa ni mzima. Kope lake la chini linavutika kiasi akicheka, na analalamika kwamba ile ngozi ya sikioni ni nyeusi kuliko uso, nami namwambia apake liwa yake anyamaze. Anaona vizuri. Jana nilikwenda kumtazama, nikamuosha uso mwenyewe, kwake, kwa beseni lake, nikapapasa pote kuanzia pua mpaka kwenye sikio. Laini, Bi Rukia. Pote laini. Atanirudia mara kwa mara mpaka azeeke nami nizeeke, nimeshamwambia, na Bi Esha ameahidi kumkokota kwa nguvu akikataa.

Nikatoka pale, nikapita vichochoro vile nikirudi, na nikashangaa nafsi yangu. Tangu uondoke, kila nikikuta ngozi ngumu kuisoma nilikuwa nageuza kichwa kukuita. Mdomo unafunguka kabisa, "Bi Ru—", kisha nakumbuka, na siku nzima inaharibika. Siku ile kwa Bi Saumu, aliponiuliza lile swali lake, sikugeuka. Nilijibu. Nimeligundua hilo jana tu, nikakaa kwenye baraza ya watu nisiowajua nikalia vizuri, na hayakuwa machozi mabaya. Bibi wa nyumba ile alitoka akanitazama, akaingia, akanitolea kahawa bila kuuliza.

Basi nakuaga, mwalimu wangu. Mungu wako ambaye ni Mungu wangu akulaze pahali penye upepo, na akuweke karibu na wale uliowahi kuwafuta uso. Sina cha kukupelekea isipokuwa ahadi, na ahadi yenyewe ni hii: nitakosea, kwa sababu mimi ni mtu, na zitapita mikononi mwangu sura ambazo sitazijua. Lakini maadamu nakalia kiti chako, sitamwacha mtu ashuke ngazi zile na furaha ambayo mimi mwenyewe siiamini.

Wako,
Mwende